Anayejikuna Hayuko Peke Yake: Hotuba kwa Walezi wa Mabweni Kuhusu Upele

Mwalimu mkuu mwenyeji wetu, walimu walezi, matroni na patroni, wauguzi wa shule, na wazazi mliofika: shikamooni wakubwa zetu, na wadogo hamjambo.

Tunashukuru kupewa nafasi hii kabla shule hazijafunguliwa. Muhula ukishaanza mtakuwa na kengele, uji na orodha za ada, na habari ya vipele itasubiri hadi siku wazazi watakapoanza kupiga simu.

Waswahili husema Mungu humpa upele asiye na kucha. Sisi tunaoshughulika na ngozi tunaona huyo asiye na kucha ana bahati yake, maana kucha ndizo zinazokigeuza kipele cha ukubwa wa punje ya mtama kuwa kidonda chenye usaha. Kucha tutazirudia.

Vipele vinavyowasha vina sababu nyingi, na tutazigusa. Lakini bwenini, sababu inayowatesa watoto kwa miezi na kuwamalizia fedha za dawa ni upele wenyewe, ule wa mdudu. Na neno letu juu yake ni moja: bweni likiingiwa na upele, mgonjwa wenu ni bweni zima. Mkimtibu anayejikuna mkamwacha jirani yake anayelala fofofo, mmenunua dawa ya wiki mbili.

Tuanze na mdudu. Ni wa jamii ya utitiri, na jike lake halifiki hata nusu milimita. Jike hutoboa tabaka la juu kabisa la ngozi, halafu hachimbi kwenda chini. Husonga mbele chini kwa chini kama fuko shambani, akitaga mayai mawili matatu kila siku huko njiani. Yai huanguliwa baada ya siku 3 au 4. Kitoto hutoka, hukua, na baada ya kama wiki 2 naye yuko tayari kuzaa. Zishikeni hizo hesabu mbili, siku 3 au 4 na wiki 2, kwa sababu ndizo zitakazotuambia dawa irudiwe lini.

Muwasho hauletwi na uchimbaji. Mwili unapata mzio kwa mate, mayai na kinyesi cha mdudu, na mzio huo hujengeka polepole. Mtu anayepata upele kwa mara ya kwanza maishani anaweza kukaa wiki 4 hadi 6 bila kuwashwa hata kidogo, na muda wote huo anaambukiza wenzake. Aliyewahi kuugua zamani, mwili wake unakumbuka: akiambukizwa tena anaanza kujikuna ndani ya siku 1 hadi 4. Sasa chukueni kitanda cha deka. Wa juu aliugua upele darasa la tatu, wa chini hajawahi. Wote wameambukizwa juma moja. Wa juu atajikuna ndani ya siku chache, ataitwa mchafu, atapelekwa zahanati. Wa chini atacheka na wengine, na mwezi ujao ndiye atakayemwambukiza upya mwenzake aliyepona.

Mtoto wa kawaida mwenye upele mwili mzima ana wadudu wangapi? Watu hukisia maelfu. Kwa kawaida ni 10 hadi 15 tu. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, mjini Sheffield, Uingereza, mtafiti Kenneth Mellanby aliwahesabu kwa wagonjwa wengi akapata wastani wa kama 11. Akafanya jingine kubwa zaidi: aliwalaza watu waliojitolea kwenye blanketi zilizotoka kwa askari wenye upele, akawavalisha na nguo za ndani za askari hao, bila kuzifua. Waliopata upele walikuwa wachache mno. Walipolala kitanda kimoja na mgonjwa mwenyewe, ugonjwa ukashika. Ndiyo maana tunapoona shule inachoma magodoro huku watoto hawajapakwa dawa, tunasikitika mara mbili. Nguo na shuka zina nafasi yake, tutaisema, lakini njia kuu ya mdudu ni ngozi kugusana na ngozi kwa muda, robo saa na zaidi. Kupeana mikono asubuhi hakutoshi kwa kawaida. Kulala mzungu wa nne kunatosha kabisa.

Mtautambuaje? Ulizeni kwanza saa. Upele huwasha kupita kiasi usiku, mwili ukishapata joto la blanketi. Pili, ulizeni nani mwingine anajikuna pale chumbani au nyumbani alikotoka. Tatu, tazameni mahali: katikati ya vidole vya mikono, upande wa ndani wa kifundo cha mkono, viwiko, makwapa, kuzunguka kitovu na mstari wa mkanda, matako, na kwa wasichana kuzunguka chuchu. Kwa wavulana, vipele vigumu vinavyowasha kwenye uume au korodani ni alama ya upele iliyo wazi kuliko zote, na ndiyo wanayoificha kuliko zote. Mlezi aulize tu, kwa upole na faragha. Kutazama huko ni kazi ya mhudumu wa afya. Uso na kichwa kwa watoto wa umri wa shule mara nyingi huwa salama.

Kwenye ngozi yetu nyeusi ile njia ya mdudu huonekana kwa shida, na mtoto akishajikuna wiki mbili kinachobaki ni madoa meusi na magamba. Basi zimeni taa, washeni tochi ya simu, mwanga uje kwa ubavu wa kidole badala ya kutoka juu: vipele na mistari vitatoa kivuli. Mkitilia shaka kipele fulani, pakeni juu yake wino wa maka peni inayofutika kwa maji, subirini kama dakika moja, kisha futeni kwa pamba yenye maji au spiriti. Wino wa juu utaondoka; ulioingia kwenye njia ya mdudu utabaki kama mstari mwembamba uliopinda, wa milimita chache hadi sentimita moja. Mkiuona, mmepata jibu. Msipouona bado msiseme hakuna upele, maana kucha huwa zimeshafuta njia nyingi. Watoto wawili wa chumba kimoja wanaojikuna usiku, vipele vikiwa vidoleni na kiunoni, wanatosha kwa sisi kuanza kazi.

Vinavyofanana navyo tuvipitie haraka. Harara ya joto ni vijipele vingi vidogo kama punje za uwele, shingoni, kifuani na mgongoni, pale nguo inapobana. Tundu za jasho zimeziba. Shule za Tanga, Dar es Salaam na Mombasa mnaijua kuanzia Desemba hadi Machi. Dawa yake ni ubaridi: nguo nyepesi ya pamba, kuoga maji ya kawaida, dirisha wazi, na siku mbili tatu inatulia. Mafuta mazito huziba tundu zaidi, kwa hiyo mwachieni mtoto ngozi kavu. Kunguni huacha uvimbe mkubwa kidogo, mara nyingi mitatu minne kwa mstari, sehemu zilizokuwa wazi usiku, na kwenye mishono ya godoro mtaona vinukta vyeusi. Pumu ya ngozi hukaa kwenye mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti, na mwenyewe atawaambia anayo tangu utotoni. Mashilingi, yaani fangasi wa ngozi, yana umbo la duara lenye ukingo. Anayejikuna kichwa peke yake, angalieni chawa kwanza.

Sasa siku ya kupaka. Hapa tutakaa kidogo, kwa sababu dawa nzuri huharibikia hapa.

Dawa iliyo rahisi kupatikana kwetu ni benzili benzoeti ya asilimia 25, ile mnayoiita BBE. Kuna wanaoidharau kwa kuwa ni ya bei ndogo. Madaktari wa Ulaya, ambako pemethrini, dawa nyingine ya kupaka, imeanza kushindwa kwa wagonjwa wengi, wameirudia hii hii. Wanafunzi wenye zaidi ya miaka 12 wanapaka kama ilivyo. Wa miaka 2 hadi 12 inachanganywa nusu kwa nusu na maji safi: mililita 50 za dawa kwa mililita 50 za maji. Walio chini ya miaka 2, tuseme watoto wa walimu wanaokaa shuleni, sehemu moja ya dawa kwa tatu za maji, hupakwa mara moja tu na kuogeshwa baada ya saa 12. Mchanga wa chini ya miezi 6, saa 6. Kwa bajeti, wekeni chupa moja ya mililita 100 kwa kila mwanafunzi mkubwa, itoshe mipako miwili. Bweni la wasichana 60 wa sekondari ni chupa 60, na juu yake za matroni, mpishi anayelala hapo na mlinzi kama naye analala. Mkinunua 20 ili “tuanze na wenye hali mbaya”, hizo 20 zimepotea.

Ijumaa, kateni kucha zote, fupi hadi nyama. Chini ya kucha hukaa mayai na wadudu waliokwanguliwa. Kila mtoto atenge seti mbili za nguo safi na shuka safi. Wenye vidonda vya usaha waonwe na mhudumu wa afya siku hiyo. Mara nyingi wataanza dawa ya kuua bakteria na kupakwa BBE baada ya siku moja au mbili, maana juu ya kidonda kibichi inachoma vibaya. Hao wasichangie kitanda na yeyote hadi wamalize.

Jumamosi jioni, kama saa 10, wote waoge kwa sabuni na maji ya kawaida, wasisugue kwa dodoki. Maji ya moto hatuyataki: ngozi iliyopata joto hufyonza dawa zaidi na kuungua. Wajikaushe, wasubiri kama nusu saa hadi mwili upoe na ukauke kabisa. Tikiseni chupa, kwa sababu dawa hujitenga na kutuama. Mimineni kwenye kibakuli, wapake kwa brashi laini ya rangi ya inchi mbili au kwa kitambaa cha pamba. Waanzie nyuma ya masikio na chini ya taya, washuke hadi nyayo, bila kuruka: shingo, makwapa, chini ya matiti, kitovu, mgongo wote, kinena na sehemu za siri za nje, mfereji wa matako, nyuma ya magoti, kati ya vidole vya miguu, nyayo. Kwenye kucha tumieni mswaki wa zamani. Macho, midomo na utandu wa ndani visiguswe. Itawasha na kuchoma dakika chache, hasa palipochunwa. Waambieni mapema wasikimbilie bombani. Ikiingia jichoni, osheni kwa maji mengi.

Mgongo ndio unaosahauliwa. Mtoto hawezi kujipaka katikati ya mabega mwenyewe. Wapakane wawili wawili, wenye kuaminiana, chumbani. Msiwapange foleni uwanjani wakiwa na kanga kiunoni. Mwenye haya atajipaka mikono tu na kusema amemaliza, na ninyi mtaanza upya mwezi ujao.

Baada ya kupaka wavae nguo safi, watandike shuka safi. Jumapili hawaogi. Jioni, saa 24 baada ya mpako wa kwanza, wanapaka tena juu ya ule ule. Jumatatu jioni wanaoga na kubadili nguo na shuka mara nyingine.

Kuna shimo moja katika mpango huu, nalo ni ugali. Mtoto amepakwa vizuri saa 11, saa 1 anakwenda kula, ananawa kwa sabuni, anakula kwa mkono, ananawa tena. Vidole, mahali wadudu wanapopenda kuliko pote, sasa havina dawa hata tone. Kwa hiyo kibakuli cha dawa na brashi vikae mlangoni mwa bweni, na kila anayenawa mikono apake tena mikono, kuanzia kifundo hadi ncha za kucha. Hivyo hivyo kwa udhu. Wanafunzi Waislamu wataosha mikono hadi viwiko na miguu hadi vifundo mara tano. Wapake upya sehemu hizo kila wanapomaliza kuswali, au kwa wepesi zaidi, mpako mkubwa ufanyike baada ya Isha, urudiwe muda huo huo kesho yake, na nyongeza za katikati zibaki za mikono na miguu. Hili dogo ndilo linalotenganisha bweni linalopona na linalorudia.

Nguo, shuka na taulo zilizotumika siku 3 zilizopita ndizo za kushughulikia. Sanduku lililofungwa tangu mwezi jana liacheni. Mdudu akiwa nje ya mwili hufa kwa kawaida ndani ya siku 2 au 3. Mwenye maji ya moto ya nyuzi 60 au zaidi aloweke na kufua. Asiye na kuni za kuchemshia maji ya watoto 60, na wengi ndivyo tulivyo, afunge nguo kwenye mfuko wa plastiki au kiroba kisichopitisha hewa kwa saa 72, kisha zifuliwe kawaida. Pasi ya mkaa kwenye mishono inasaidia. Magodoro yaanikwe juani. Hayahitaji dawa ya kunyunyizia, na dawa hiyo ikibaki kwenye godoro ndiyo itakayowaletea watoto kikohozi na vipele vipya.

Wapo watakaotumia dawa nyingine. Pemethrini ya asilimia 5 hupakwa mwili mzima, hukaa saa 8 hadi 14, hurudiwa baada ya siku 7 hadi 14; mtu mkubwa anahitaji tyubu ya gramu 30 kwa mpako mmoja, na tyubu moja kugawana watatu ni kudanganyana. Mafuta ya salfa ya asilimia 5 hadi 10, usiku tatu mfululizo, yananuka na kuchafua shuka, lakini ni ya kutegemewa kwa wachanga na wajawazito.

Kuna pia ivermektini ya kumeza, ambayo wengi mnaifahamu kwenye kampeni za usubi na matende. Kipimo ni mikrogramu 200 kwa kila kilo ya uzito: kwa vidonge vya miligramu 3, mwenye kilo 36 hadi 50 humeza 3, mwenye 51 hadi 65 humeza 4, na dozi inarudiwa baada ya siku 7 hadi 14. Inarudiwa kwa sababu haiui mayai. Zile siku 3 au 4 za kuangua zinapita, vitoto vinatoka, dozi ya pili inavikuta kabla havijafika umri wa kutaga. Wajawazito na walio chini ya kilo 15 hawapewi, na mwanafunzi aliyekulia maeneo ya misitu ya Afrika ya Kati yenye ugonjwa wa minyoo ya loa loa, Kongo ikiwemo, lazima daktari aambiwe kwanza. Hii ni dawa ya kuandikiwa. Ile ya mifugo inayouzwa dukani kwa sindano au ya kumimina mgongoni mwa ng'ombe isikanyage bwenini.

Kwa nini tunang'ang'ania wote? Mwaka 2015 yalichapishwa matokeo ya utafiti kutoka Fiji. Kundi moja la visiwa walitibiwa wenye upele na wanaoishi nao tu: upele ulishuka kutoka asilimia 36.6 ya watu hadi 18.8 baada ya mwaka. Kundi jingine karibu kila mkazi alimeza ivermektini, anayejikuna na asiyejikuna: kutoka asilimia 32.1 hadi 1.9. Bweni ni kisiwa. Tofauti yake ni kwamba kivuko chake ni likizo.

Sasa sikilizeni hili, maana ndilo linalowavunja moyo walezi. Wadudu wote wamekufa Jumatatu. Jumanne usiku watoto wanajikuna kama kawaida. Wiki ya pili bado wanajikuna. Mzio haujui kuwa mdudu amekufa. Mabaki yake yamo ndani ya ngozi hadi ngozi ya juu ijivue yenyewe, na muwasho unaweza kuendelea wiki 2 hadi 4. Mlezi asiyejua hili hupaka BBE kila siku kwa wiki tatu. Dawa ikipakwa hivyo huikausha na kuiunguza ngozi, ngozi iliyoungua huwasha, anaongeza tena. Hapo ugonjwa uliobaki ni dawa. Angalieni mwelekeo: muwasho unapungua wiki hadi wiki, hakuna vipele vipya vidoleni, basi subirini. Vipele vipya vikitokea baada ya wiki 2, au muwasho ukikaza baada ya wiki 4, kuna aliyerukwa, au kuna aliyerudi na wadudu kutoka nyumbani, au haukuwa upele tangu mwanzo. Hapo mwiteni mhudumu wa afya kabla ya kununua chupa nyingine.

Katika wiki hizo mtulizeni mtoto. Kitambaa cha pamba kilicholowekwa maji ya baridi, kikakamuliwa, kikawekwa panapowasha dakika 10 hadi 15, kinafanya kazi ambayo watu hawaiamini hadi wajaribu. Losheni ya kalamaini ipakwe kwa pamba mara 3 au 4 kwa siku; itikiseni, unga wake hukaa chini. Wasiipake kwenye vidonda vibichi. Mafuta ya mgando yasiyo na manukato yapakwe ndani ya dakika chache baada ya kuoga, ngozi ikiwa bado na unyevu. Kuoga kuwe kwa maji vuguvugu au ya kawaida, kwa muda mfupi, na sabuni ya kipande isiyo na harufu kali. Usiku, mhudumu akiridhia, klofeniramini, dawa ya mzio: miligramu 4 kwa wa miaka 12 na zaidi, 2 kwa wa miaka 6 hadi 11. Inaleta usingizi, na kwa hapa hiyo ni faida, ila asubuhi ya mtihani si wakati wake. Mtoto aambiwe apigepige kwa kiganja badala ya kukwangua. Wengine hulala na soksi mikononi. Wacheke tu, inasaidia.

Krimu za steroidi tunaziogopa zinavyotumika huku. Zinauzwa kila duka, nyingine zimechanganywa dawa tatu ndani ya tyubu moja. Mkizipaka kabla ya kumuua mdudu, uvimbe na muwasho hupoa siku chache, mtoto anafurahi, mlezi anafurahi, na mdudu anafurahi kuliko wote: anazaliana bila kusumbuliwa, na vipele vinabadilika sura hata mtaalamu anavipotea. Haidrokotisoni ya asilimia 1, ambayo ni steroidi nyepesi, ina nafasi yake baada ya matibabu, kwa siku chache, kwa idhini. Kabla ya hapo hapana.

Na tafadhali, orodha ya bwenini tunaijua: mafuta ya taa, dawa ya meno, maji ya betri, dawa ya kung'arishia nguo nyeupe, chumvi na ndimu, dawa ya kuogeshea ng'ombe. Hiyo ya mwisho ni sumu inayopenya kwenye ngozi, na ngozi iliyochunwa kwa kujikuna inaifungulia mlango. Mtoto aliyepakwa akaanza kutoka mate mengi, kutetemeka au kusinzia ovyo, mvueni nguo, mwosheni kwa sabuni na maji mengi, mkimbizeni hospitali na chupa yenyewe mkononi. Mwarobaini mnauliza kila mara. Majani yaliyochemshwa kwenye sufuria hayana kipimo. Leo makali, kesho maji matupu. Wa kuogea sawa, wa kutegemea kuliponya bweni hapana.

Dalili za kupeleka mtoto hospitali siku hiyo hiyo ni chache. Usaha, magamba ya rangi ya asali, ngozi ya moto inayosambaa, homa: bakteria wameingia. Uso na macho kuvimba asubuhi, mkojo kuwa mchache na rangi ya chai ya rangi: kinga ya mwili iliyoamshwa na hao bakteria imeidhuru figo, na hili linaweza kutokea wiki 3 hadi 6 baada ya vidonda, wakati kila mtu ameshasahau. Nyingine ni magamba mazito ya kijivu viganjani, viwikoni au chini ya kucha, tena huenda hayawashi sana. Huo ni upele wa magamba, huwapata hasa wenye kinga dhaifu, na mwenye nao hubeba wadudu maelfu hadi mamilioni. Kwa huyo yale ya Mellanby kuhusu blanketi hayahusu. Nguo na kitanda chake vinaambukiza kweli. Apewe chumba chake na rufaa. Pale hospitali ya KCMC, Moshi, kuna kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi tangu 1992, na waliosomea huko wapo katika hospitali nyingi za mikoa. Ulizieni aliye karibu nanyi.

Kuzuia kunaanzia getini. Siku ya kufungua, mezani pa kupokelea masanduku, awepo muuguzi anayetazama mikono ya kila mtoto, pande zote mbili na katikati ya vidole, na kuuliza kimya kimya: kuna anayejikuna nyumbani? Ni sekunde 30 kwa mtoto. Halafu, kwa kuwa asiye na dalili anaweza kuwa nao, rudieni ukaguzi huo wiki ya 6. Kitanda kimoja mtoto mmoja. Vitanda vikipungua, tatizo ni la bodi na lisemwe kwenye bodi. Taulo, nguo za ndani na sweta zisiazimwe.

Mtoto akigundulika, barua iende nyumbani siku hiyo, na tunaomba isiseme “mtoto wako ni mchafu”. Mdudu huyu hachagui aliyeoga. Iseme jina la dawa, kipimo kwa kila umri, na tarehe: Jumamosi tunapaka shuleni, nanyi pakeni nyumbani Jumamosi hiyo hiyo, wote mnaolala hapo, bibi na dada wa kazi wakiwemo. Nakala za barua hiyo ziko nyuma ya ukumbi, mjaze tarehe tu.

Hapa mezani kuna maji yenye unga wa ngano yanayofanana na BBE, brashi na mabeseni ya kunawia. Njooni wawili wawili. Mpake mwenzako mkono mmoja kuanzia kiwiko, akanawe kama anayekwenda kula, halafu mtazame pamoja kilichobaki kwenye vidole.